Maji ya Kibo Yaliyoishia Mwatate

Nyinyi wenzangu wa kwaya mmenichosha. Kila mazoezi yakikwisha nazungukwa, na kila mmoja ana habari zake: huyu amesikia nilifika kileleni nikazimia, yule amesikia nilirudi na dawa ndani ya themosi, na Mghoi, ambaye namsamehe kwa sababu bila yeye sauti ya kwanza haipo, amewatangazia watu kwamba nilibatizwa upya pale stesheni ya Mwatate na mzee wa kanisa. Basi naandika yote hapa, msome mkiwa mmekaa, na nisiulizwe tena njiani nikiwa nimebeba unga. Habari za vibali na mihuri nimeziruka kwa sababu hazina utamu.

Kwa wageni wa kwaya wasionijua vizuri, mimi ni Wakesho, nafanya kazi katika maabara ya shule ya sekondari hapa Voi. Naosha vyombo vya kioo, naijaza mafuta ya taa friji yetu moja yenye hasira, na nawafukuza wanafunzi wanaotaka kuonja chumvi za kemia. Hapo ndipo aliponikuta Daktari Mueni wa chuo kikuu, mama Mkamba mnene, mwenye miwani na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Alikuwa anataka mtu wa kupanda naye Kilimanjaro kutafuta mwani.

Mwani wa kule juu, alinieleza, ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho mpaka ijikusanye mingi mno, ndipo uone utando wa kijani juu ya maji. Inakula mwanga wa jua kama mahindi, ila shamba lake ni barafu. Usiku maji yake yanakuwa jiwe, na mchana jua linaichoma bila wingu. Mahindi yangekufa siku ya kwanza. Yenyewe haifi kwa kuwa hujitengenezea vitu mwilini: sukari fulani inayoizuia isipasuke maji yakiganda, rangi inayofanya kazi ya mwavuli, na mafuta yasiyoganda kwa baridi. Huenda siku moja sukari ile ikahifadhi chanjo mahali pasipo na friji, na rangi ile ikamkinga mtoto anayeunguzwa na jua. Kila aliposema "huenda" aliinua kidole, ili nisije nikaenda kutangaza sokoni kwamba dawa imepatikana.

Wenzake Nairobi walimwambia anapoteza wakati wake, kule juu hakuna kitu kilicho hai. Yeye aliwataka hai, na nasema "aliwataka" kwa sababu mwani ule aliuita watu.

"Wakifika hai Voi," aliniambia, "nitakupeleka Nairobi uwatunze. Kazi ya kudumu, Wakesho, na masomo juu yake."

"Na wakifika wamekufa?"

"Basi tutakuwa tumeenda kutembea."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Kazi ya kuosha vyombo vya watu wengine wanaojifunza nilikuwa nimeichoka, na hilo nalisema wazi.

Voi hadi Mwatate

Daktari alinipa suruali yake moja, pana miguuni na pana zaidi kiunoni, nikaikaza kwa kamba. Alisema mlima haupandwi kwa sketi. Mama yangu aliniangalia, akaangalia pembeni, akaniambia nipite Mwatate salama. Nilidhani ananitakia heri, kumbe alikuwa ananionya.

Gari moshi la Taveta mnalijua: mabehewa ya mizigo mbele, sisi nyuma, moshi kwa wote. Tulipofika Mwatate, Baba mkubwa Mwadime alikuwa amesimama stesheni na kikapu. Huyu ni kaka wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha, na ni mzee wa kanisa anayeheshimika. Kikapuni mlikuwa na kimanga, ndizi na maharagwe vilivyopondwa vizuri, mvuke bado unatoka. Nikashuka mbio kumsalimia.

Macho yake yalianzia kwenye viatu vyangu, yakapanda mpaka kiunoni, yakaishia hapo. Hakunijibu. Akamgeukia Daktari, akamsalimu kwa adabu zote, akauliza hali ya mvua Machakos, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Kisha akachukua kikapu chake, akaenda.

"Chakula kile kilikuwa chetu?" Daktari akaniuliza.

"Kilikuwa."

"Na sasa kinarudi nyumbani?"

"Kinarudi."

Daktari alikifuata kikapu kwa macho mpaka kikapotea nyuma ya mkonge.

Wale mliokuja kutoka bara mwelewe jambo moja. Kwetu Udawida, kwenye milima ya Wataita, mzee akikugombeza, shukuru. Akinyamaza, hasira imeingia moyoni imekaa kitako, na hasira ya mkubwa iliyokaa moyoni humfuata mtoto popote alipo, ikamharibia mambo. Dawa yake ni moja tu. Mwenyewe anatia maji kinywani, au maji ya muwa, au pombe ikiwa si mzee wa kanisa, anaitaja hasira yake kwa jina, na kuipuliza nje pamoja na yale maji. Hiyo ndiyo kutasa. Baba mkubwa hajawahi kuona ugomvi wowote kati ya kutasa na Jumapili, na hakuna mchungaji aliyethubutu kumuuliza. Mimi niliondoka Mwatate sijatasiwa, tumbo tupu, na suruali inateremka.

Taveta hadi Marangu

Taveta tulikula ndizi mbivu mpaka Daktari akasahau kikapu, au akajifanya amesahau. Tukavuka mpaka juu ya lori la vitunguu. Pale Himo niliingia hotelini nikasema, kama ambavyo ningesema Voi, "Mama, leta chai mbili na mandazi, haraka."

Yule mama akasimama akanitazama kwa huruma. "Dada, hujambo?"

"Sijambo. Chai mbili."

"Umeamkaje?"

"Vizuri. Na mandazi."

"Nyumbani hawajambo? Safari je?"

Daktari akanikanyaga mguu chini ya meza, akachukua zamu yeye, akasalimiana na yule mama kuhusu kila kitu isipokuwa chai. Chai ikaja yenyewe, na mandazi yakaja mengi. Mimi yangu yalikuja mwisho, yale ya chini ya sufuria. Nadhani huko kunaitwa kufundishwa adabu bila fimbo.

Marangu tulilala kwa Elirehema, kiongozi wetu wa mlimani, Mchaga mrefu aliyetembea kana kwamba kila hatua inabidi aiombe ruhusa. Mkewe, Mama Aikande, alitupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nilikula bakuli langu, na Daktari aliposema ameshiba, nikala na la kwake.

Mlimani

Nitasema kweli: nilikwenda na majivuno. Mimi ni mtu wa Wundanyi kwa kuzaliwa, nikawaambia wapagazi, na baridi ya mwezi wa saba tunaijua. Elirehema aliposema twende polepole, nilimpita. Nilimpita tena siku ya pili. "Nenda tu dada," alisema, "mlima hauhami." Siku iliyofuata nilikuwa nyuma ya watu wote, nimevaa blanketi la mama juu ya koti, kichwa kinapiga ngoma, na mpagazi aliyebeba sufuria zetu zote ananiuliza kwa upole kama Wundanyi nako ni hivi hivi. Sikumjibu kwa sababu meno yalikuwa na kazi nyingine.

Lakini tulifika. Barafu niliyoizoea ni ile ya friji yetu, ukubwa wa kiganja. Ile ya Kibo ilikuwa ukuta, juu kuliko kanisa, na inatoa sauti ndani kwa ndani kama mtu anayejinyoosha viungo. Nilisahau kichwa, nikasahau Baba mkubwa, nikasimama tu. Chini ya ukuta ule, jua lilipoyeyusha barafu, palikuwa na vidimbwi vya maji, na ndani yake, hata mimi niliona kabla sijaonyeshwa, palikuwa na utando wa kijani kibichi unaokaribia weusi, umetulia kabisa, haujali.

Daktari alipiga magoti akalia. "Wapo," akasema. "Nimewaambia wale watu. Wapo!" Elirehema akavua kofia, akidhani tumeanza sala.

Tukajaza themosi mbili, utando na maji ya barafu, na Daktari akanipa masharti mbele ya shahidi. Wasipate joto, na wasifungiwe gizani muda wote, maana chakula chao ni mwanga. Kila asubuhi wafunguliwe kidogo waone jua, kisha wafungwe. "Ni kama watoto wachanga," akasema. Mimi na watoto wachanga hatujawahi kuelewana, ila nikaitikia.

Themosi ya chai

Daktari alishuka ukuta wa mawe na mchanga unaoteleza bila hata kujikwaa. Kisha tulipofika kambi ya Horombo, mahali palipo sawa kama sakafu, akiwa amesimama anasifia maua, akaanguka na mguu ukateguka. Wapagazi walimbeba mpaka Marangu, naye njia nzima anawaelekeza pa kukanyaga. Mganga wa zahanati akaufunga mguu, akasema mgonjwa asisafiri kwanza.

Wale wa themosi hawangeweza kumngoja. Kwa hiyo ikaamuliwa: mimi niwapeleke Voi peke yangu, niwaweke karibu na friji yangu, yeye atanifuata. "Wewe na mimi sote tumo ndani ya hizo chupa," akaniambia. Nilizishika kwa mikono miwili.

Asubuhi ya kuondoka Mama Aikande alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea themosi zote mbili kwa heshima. Alinikumbatia, akaniambia, "Nimekuandalia kitu kwa safari." Nilidhani ni ndizi, kwa sababu kweli kulikuwa na mkungu. Nikiwa juu ya lori karibu na Himo nikakumbuka masharti, nikafungua themosi ya kwanza ili watu wangu waone jua. Mvuke ukanipiga usoni.

Ilikuwa chai ya maziwa, tena yenye tangawizi.

Yule mama alikuwa ameikuta chupa ya wageni imeota utelezi wa kijani, akaona aibu kwa niaba yetu. Akaisugua ndani kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa. Ya pili hakuifikia, chai ilikwisha, Mungu amjalie. Nilitaka kulia nikashindwa, nikataka kukasirika nikashindwa pia, maana mtu aliyekusugulia chupa na kukupikia chai kabla jua halijatoka utamwambia nini? Nikainywa yote. Ilikuwa nzuri sana, na kila funda nilijiona nainywa Nairobi.

Taveta nikanunua lesso moja, nikajifunga kutoka kwapani hadi miguuni juu ya suruali. Mwatate ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hasira ya Baba mkubwa iko kazini. Themosi iliyobaki niliizungushia majani mabichi ya mgomba na kitambaa kilicholowa maji, nikaipakata.

Ndovu wa Maktau

Kabla ya kufika Maktau gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya nyika. Dereva, mzee wa Kimombasa aliyevaa kofia safi ajabu kwa mtu wa makaa, akashuka akaja kutuarifu mwenyewe.

"Jamani, mtuwie radhi. Kuna ndovu relini. Wamo kwenye mambo yao, na mie si mtu wa kumharakisha ndovu."

"Piga honi!" mtu akasema.

"Nimepiga. Mmoja kaja kunisikiliza vizuri, nikaacha."

Tukakaa. Jua likapanda, mabati ya behewa yakaanza kulia kwa joto. Watu wakanywa maji yao, kisha wakanywa ya jirani, kisha wakaanza kuulizana nani ana nini. Mimi nikakumbuka kwamba watu wangu hawajaona mwanga tangu jana, nikashuka kando kando ya behewa, nikafungua themosi, nikaiinamia. "Vumilieni," nikawaambia. "Voi si mbali."

Nilipoinua kichwa, akina mama watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu kimya, vichwa vimeinama. Mmoja akasema "Amina." Niliona aibu kuwaeleza kwamba naongea na mwani, nikasema "Amina" na mimi. Baada ya hapo kila aliyepita aliniomba nimkumbuke mtoto wake au mguu wake, na mwanamke mmoja wa Mashoti mwenye kreti ya soda akaketi karibu nami kabisa, akisema hapa ndipo penye usalama. Ndovu walipoondoka alinipa mkono.

Mwatate tena

Tulifika Mwatate tumechelewa vibaya. Baba mkubwa alikuwa pale pale kwenye stesheni, amesimama, kibuyu mkononi. Nikashuka, nimepakata themosi yangu.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba."

Lilikuwa neno la kwanza tangu siku ile.

"Mama yako alikuja kwangu," akasema. "Alilia. Nimekuja niitoe hii kitu. Nilikuwa na maji hapa kwenye kibuyu."

"Yako wapi?"

Akakitazama kibuyu, akanitazama. "Nimeyanywa. Nimengoja tangu asubuhi, jua kali, gari halionekani. Nilikunywa kidogo, halafu kidogo tena."

Watu walikuwa wamekwisha toka nje ya mabehewa, na Wadawida waliokuwemo walielewa mara moja nini kinatakiwa. Wakaanza kutafuta maji. Tangi la stesheni lilikuwa kavu kwa kiangazi. Chupa za abiria zilikuwa tupu kwa sababu ya ndovu. Yule mama wa Mashoti akaleta soda ya machungwa, akaifungua kwa meno kabisa.

Baba mkubwa akaiinua kwenye mwanga. "Nitoe hasira na kitu chenye mapovu? Si itarudi?"

"Maji mie ninayo, mzee wangu," dereva akaita kutoka kwenye injini. "Ila yanachemka."

"Basi," akasema Baba mkubwa. "Tuache. Siku nyingine." Na mkono wenye kibuyu ukashuka.

Hapo ndipo nilipomwona. Sijui kwa nini sikumwona siku ile ya kwanza. Miguu ilikuwa na vumbi la njia yote ya mlimani kwao, shati la kanisa limelowa jasho, na shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alikuwa ametembea, amengoja, na sasa alikuwa ageuke arudi na hasira yake moyoni. Na mimi nilikuwa nimepakata maji.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa mwema. Kwanza nilimkasirikia, kisha nikawakasirikia ndovu, kisha nikamkasirikia Mama Aikande kwa kuifikia chupa moja. Niliiona maabara ya Nairobi ambayo sijawahi kuiona. Halafu nikafungua kifuniko, nikampa.

"Yametoka wapi?" akauliza.

"Kule Kibo, Baba mkubwa."

"Kule kunakokuwa kweupe asubuhi?" Kutoka shambani kwake, mawingu yakikubali, huwa anapaona. "Mbona yana kijani?"

"Ndivyo yalivyo."

Akatia funda. Macho yakamtoka, mashavu yakavimba, mkono ukashika taya. Hajawahi kutia kinywani kitu cha baridi namna ile, na meno yake yaliyobaki yalipata habari yote mara moja. Lakini hakuyatema. Aliyameza yale ya kwanza, akapumua, akatia mengine kwa hadhari, akayapuliza chini: fuuu! Kisha akasema kwa sauti ya kusomea somo kanisani:

"Mimi Mwadime nilimkasirikia mtoto wa ndugu yangu. Nilimwona na nguo ya kiume mbele ya mgeni, nikaona aibu. Halafu akasimama vile, mikono kiunoni, kama ndugu yangu marehemu alivyokuwa akisimama, nikajua ataenda tu hata nikisema nini. Hapo nikakasirika zaidi. Nikanyamaza. Kimanga chao nikakila peke yangu, na hakikushuka. Hasira hiyo itoke!"

Fuuu! Ya safari hii ilinipata kifuani, baridi mpaka mgongoni.

"Sere!" wakaitikia watu, yaani iwe amani.

Mimi nililia, na sioni haya kuandika. Lakini jicho moja lilikuwa kwenye themosi, maana mzee alikuwa hajamaliza. Akatasa kwa ajili ya mama. Sere! Akatasa kwa ajili ya Daktari na mguu wake, nikiwa nimekwisha kosea kumtajia mguu. Sere! Akatasa kwa ajili ya mvua. Dereva akatoa kichwa akauliza kwa heshima kama ingewezekana na injini, njia isiwe na ndovu tena, nayo ikapata sehemu yake. Kila fuuu ilipita kwangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye shughuli. Utando wenyewe ulikuja mwisho, ukanikaa kwenye lesso madoa madoa.

Yaliyobaki chini aliyanywa. "Yametulia vizuri," akasema, akapangusa midomo, akanirudishia themosi tupu kwa mikono miwili.

Voi

Mama alifurahi mpaka jirani wakaja. Nilitaka kuitia lesso majini, akanizuia. "Maneno ya mzee bado yamo humo. Iache ikauke kwanza, utaifua siku nyingine." Ikakauka juani, ikakakamaa, nikaitundika nyuma ya mlango. Nikarudi kuosha vyombo vyangu, nikiwa na amani ya moyo na hofu ya Daktari.

Daktari akaja kwa gari moshi, ana gongo kwapani. Hata hakukaa. "Wako wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia tangawizi hadi injini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameketi kwenye kiti cha wanafunzi, ameshika themosi tupu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulimpa wewe mwenyewe? Hakukunyang'anya?"

"Nilimpa mimi."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilingoja kufukuzwa. "Hiyo lesso," akasema mwishowe, "ilifuliwa?"

Nilikimbia nyumbani, nikarudi nayo. Daktari alipoona yale madoa meusimeusi alianza kuguna, na yeye akiguna ujue anafikiri. Akaniuliza kama ilikauka kabisa, nikasema kabisa. Akaomba mkasi. Mama yangu, aliyenifuata mbio, alisimamia kila kipande kikikatwa. Tukavitia kwenye visahani vya kioo na maji yaliyochemshwa yakapoa, tukaviweka dirishani penye mwanga, juu ya sinia la barafu.

"Lakini mate ya Baba mkubwa yamo," nikasema.

"Wadudu wa kinywani wanapenda joto. Baridi itawalaza wote. Wetu ndio watakaoamka, kama wapo." Akainua kidole. "Kama wapo."

Kazi ya barafu ilikuwa yangu. Niligandisha, nikabadilisha, nikagandisha, mchana na usiku, na friji ile haikuzima hata mara moja, jambo ambalo mkuu wa shule hakuliamini. Nilikuwa nimezoea kuviangalia visahani vile mpaka asubuhi moja nikadhani macho yangu yananidanganya. Maji yalikuwa na kijani, hafifu sana pembeni mwa kitambaa. Daktari akaweka tone chini ya hadubini, akatazama, kisha akanisukumia kiti. Niliona shanga za kijani zilizotungwa uzi, nyuzi kwa nyuzi, safi kabisa.

"Kuganda na kukauka, kwao ni taabu moja," akasema. "Yote ni kukosa maji mwilini. Huenda ni sukari ile ile iliyowaokoa." Kisha akacheka, machozi yanamtoka, akashika gongo lisianguke. "Nairobi nitawaambia niliwakausha juu ya pamba. Si uongo."

Baba mkubwa aliposikia, alikuja kujionea. Alivua kofia, akaweka jicho, akakaa hapo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Hawa ndio niliowapuliza?"

"Ndio, mzee," akasema Daktari.

"Na niliowanywa?"

Daktari akavua miwani. "Tumboni kuna joto, mzee. Hao hawakupona."

Alisikitika kweli kweli. Aliinuka, akashika kofia yake kifuani kama anavyofanya makaburini, akavitazama visahani kimoja kimoja.

"Utawapeleka Nairobi?" akamuuliza Daktari.

"Ndiyo, mzee."

"Mchukue na Wakesho, basi. Wasije wakakaa mji wa watu bila mtu wa kwao."